Dakika 40 za nani? Shajara ya mradi wa dodoso la safari

Wiki ya 1

Mradi wenyewe si mkubwa. Tunataka kujua watu wanaosafiri kila siku kwenda kazini wako tayari kutoa fedha kiasi gani ili wapunguze muda wa njiani. Dakika haziuzwi dukani, kwa hiyo hatuwezi kukaa pembeni na kuwatazama wakizinunua. Inabidi tuwaulize. Mhojiwa anapewa kadi: safari A ina muda huu na gharama hii, safari B ina muda ule na gharama ile, chagua moja. Kadi moja baada ya nyingine, kisha modeli, yaani hesabu ya takwimu kwenye kompyuta, inatafuta bei ya dakika iliyojificha ndani ya machaguo hayo.

Ugomvi wetu wa kwanza umetokana na safu moja tu. Kwenye kadi tulizorithi kutoka mradi uliotangulia kuna safu ya tatu iliyoandikwa "Safari yako ya sasa", na mhojiwa anaruhusiwa kubaki nayo. Mwenzangu anasema iondolewe, mimi nasema ibaki. Kikao kimekwisha bila jibu, na ndiyo maana nimeanza kuandika haya.

Nieleze kwa nini safu moja iwakoseshe usingizi watu wazima. Katika uchumi wa vitabuni mtu hupata manufaa kutokana na kile alicho nacho mkononi, basi. Safari ya dakika 40 ni safari ya dakika 40, hata kama jana ulisafiri kwa 30 au kwa 60. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walisema sivyo watu wanavyopima. Mtu husimama mahali fulani, na kutoka hapo huona mambo kuwa faida au hasara, na hasara humuuma kuliko faida ya ukubwa uleule inavyomfurahisha. Maandishi yao ya kwanza yalihusu bahati nasibu. Mwaka 1991 wakaipeleka hoja kwenye machaguo yasiyo na bahati nasibu ndani yake, na huko ndiko tuliko sisi. Makadirio yao ya mwaka 1992 yaliiweka hasara kwenye uzito wa takriban mara 2.25 ya faida.

Mahali hapo pa kusimamia tumepaita "nukta ya rejea". Mwenzangu alipendekeza "kianzio", nikakataa, kwa sababu katika madodoso kianzio ni jambo jingine: ni ile bei ya kwanza anayotajiwa mhojiwa kabla ya kupandishiwa au kushushiwa. Bei hiyo huvuta jibu kama nanga. Kuna jaribio maarufu la mwaka 1974 ambapo gurudumu lilichezewa lisimame kwenye 10 au 65, kisha watu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Jibu la katikati kwa walioona 10 lilikuwa 25, kwa walioona 65 likawa 45. Hakuna aliyepata wala kupoteza chochote pale. Namba iliwavuta tu. Nukta ya rejea hufanya kazi tofauti: ndiyo inayoamua kipi kiitwe hasara. Tukichanganya mambo hayo mawili tutaandika ripoti isiyoeleweka.

Wiki ya 2

Kadi tunazitengeneza kwa kuzizungushia safari ya mhojiwa mwenyewe. Anatuambia safari yake huchukua dakika ngapi, programu inapunguza au kuongeza asilimia 15 au 30, na gharama inafanyiwa vivyo hivyo. Uzuri wake ni kwamba mtu hapewi safari ya saa 2 ilhali anaishi jirani na kazi yake.

Ubaya wake tumeuona leo kwenye skrini. Anayesafiri dakika 5, ukimpunguzia asilimia 15 anabaki na 4.25, na ukimpunguzia asilimia 30 anabaki na 3.5. Programu inakadiria hadi dakika kamili, kwa hiyo zote mbili zinakuwa 4. Viwango viwili tofauti kwetu, kadi ileile kwake. Tumeamua kwamba chini ya dakika 15 tutaongeza na kupunguza dakika kamili, tuachane na asilimia.

Jingine: watu husema 30, 45, saa nzima. Sijamsikia hata mmoja aliyesema 37. Maana yake nukta tunayoichapa kwenye kadi tayari imekatwa kwa shoka kabla hatujaanza.

Wiki ya 3

Kabla ya kumsumbua mtu yeyote kwa kadi, nimetengeneza wahojiwa wa kubuni ndani ya kompyuta. Hawa nawajua moyoni, kwa sababu moyo nimewatia mimi: nimeamuru hasara ya dakika 1 iwe na uzito mara 2 ya faida ya dakika 1. Kazi ya modeli ni kunirudishia hiyo 2.

Haikurudisha. Kizidishi cha hasara, yaani uzito ambao modeli inaipa kila dakika ya hasara, kilikuja sawasawa, lakini kile cha faida kilitoka hasi, kana kwamba watu wangu wanachukia kuokoa muda. Siku mbili nzima nikashuku hesabu ya usanifu wa kadi, nikashuku programu, nikafikia kumshuku mwenzangu. Kosa lilikuwa langu, kwenye mstari mmoja. Hasara niliiandika kuwa "muda mpya toa muda wa sasa" na sikuikata kwenye sifuri. Kwa hiyo safari iliyopungua dakika 10 iliingia kwenye safu ya faida kama 10, na ikaingia tena kwenye safu ya hasara kama hasi 10. Safu ya hasara ikawa imebeba kila kitu, na safu ya faida ikabaki kupima tofauti tu: uzito wa faida toa uzito wa hasara. 1 toa 2 ni hasi 1. Modeli ilikuwa inanijibu kwa usahihi swali ambalo sikukusudia kuliuliza.

Naliandika kwa kirefu kwa sababu ni kosa lisilopiga kelele. Kama ningekuwa na data ya watu halisi, na tofauti ya hasara na faida ingekuwa ndogo, kizidishi kingetoka karibu na sifuri, nami ningeandika kwa kujiamini kwamba watu hawajali sana kuokoa muda.

Baada ya kurekebisha, nikajaribu pia modeli ya kawaida yenye kizidishi kimoja cha muda, ile inayodhani dakika ni dakika. Inatoa namba iliyo katikati ya uzito wa faida na uzito wa hasara. Katikati wapi? Inategemea nimeweka kadi ngapi za hasara. Nikiongeza kadi zinazorefusha safari, dakika inapanda thamani, nikizipunguza, inashuka. Wahojiwa ni walewale, mioyo ileile. Hapo ndipo mwenzangu aliponyamaza kidogo.

Wiki ya 4

Hesabu fupi ya ubaoni ambayo nataka isipotee.

Tuseme, bila hasara wala faida, dakika ina thamani W. Sasa hasara iwe na uzito wa 2 kwenye muda, na 2 vilevile kwenye fedha. Ukimwomba mtu alipe ili aokoe dakika, anapata faida ya muda (uzito 1) na kupata hasara ya fedha (uzito 2). Atakubali kulipa nusu ya W. Ukimgeuzia, ukataka kumlipa ili avumilie dakika zaidi, anapoteza muda (uzito 2) na kupata fedha (uzito 1). Atadai mara 2 ya W. Kati ya anachokubali kutoa na anachodai kupokea kuna pengo la mara 4, ingawa kila upande umeongezewa uzito wa 2 tu. Ukimpa faida mbili achague moja, au hasara mbili achague iliyo nafuu, inarudi W kamili, kwa sababu uzito unajifuta.

Bruno De Borger na Mogens Fosgerau mwaka 2008 walitumia umbo hili la pande nne (kutoa, kupokea, faida mbili, hasara mbili) kwa data ya wasafiri wa Denmark, wakaonyesha kwamba mtu anaweza kuifikia W kwa wastani wa kijiometria wa ile bei ya kutoa na ile ya kupokea. Kwa namba zetu: nusu zidisha 2 ni 1, kipeuo chake cha pili ni 1, yaani W. Ni ufundi mzuri sana. Unahitaji tu kadi za pande zote nne. Za kwetu zilikuwa za pande mbili, kwa hiyo usanifu umerudi mezani.

Wiki ya 5

Mahojiano ya kufikiri kwa sauti. Mhojiwa anachagua huku akisema kinachompitia kichwani, mimi naandika na kujizuia nisimsaidie.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, mwenye miwani aliyoivaa na kuivua kwa kila kadi. Safari yake alitaja dakika 40. Kadi ya tatu ilimpa A ya dakika 34 yenye gharama ya juu na B ya dakika 46 yenye gharama ya chini. Aligusa B kabla sijamaliza kuisoma.

"Mama, mbona umeichukua hii ya 46 haraka hivyo, na safari yako ni 40?"

"Mwanangu, 46 si ndogo? Mimi nilikuwa nasafiri saa nzima na robo mpaka walipotuhamishia jengo jipya."

"Lakini sasa hivi ni 40."

"Sasa ni 40, ndiyo. Sijaizoea. Mpaka leo natoka nyumbani saa ileile niliyokuwa natoka zamani, nafika nakaa tu nje."

Kwenye faili letu jibu lake limeingia kama mtu aliyekubali hasara ya dakika 6 kwa fidia ndogo. Kwake yeye ilikuwa faida ya dakika 29. Hatukukosea kupima dakika zake, 40 ni kweli kabisa. Tulikosea kudhani anasimama hapo.

Wa nne, kijana, alikuwa kinyume chake. Safari ya sasa dakika 40 vilevile, lakini kuna njia mpya inayofunguliwa, na tayari ameshaihesabia nusu saa. Kadi iliyompa 34 aliitazama kama mtu anayeibiwa. Botond Kőszegi na Matthew Rabin waliandika mwaka 2006 kwamba rejea ya mtu ni kile anachotarajia, wala si lazima iwe kile alicho nacho. Nilikuwa nimelisoma hilo nikalikubali kwa kichwa. Kumwona mtu akiununia punguzo la dakika 6 ni kulielewa upya.

Wa sita aliweka kiganja juu ya safu ya "Safari yako ya sasa" tangu kadi ya kwanza. "Hii naijua," alisema, akawa analinganisha A na B peke yake. Kwake rejea ya A ilikuwa B.

Wengine hawakuleta la ajabu. Walisimama pale tulipotaka wasimame.

Wiki ya 6

Mshauri wa nje amepitia rasimu na kutuandikia sentensi moja: toeni safu ya sasa, tatizo litakwisha. Nimeijibu barua hiyo mara tatu kichwani kabla sijaijibu kwa adabu.

Kuiondoa safu kwenye karatasi hakuiondoi kichwani. Saa na robo ya yule mama haikuchapwa popote, na bado ndiyo iliyochagua. Tukiitoa safu tunachopoteza ni ushahidi. Nukta inabaki, ila hatuijui tena.

Lakini kuiacha nako kuna gharama, na hapa nampa mwenzangu haki yake. William Samuelson na Richard Zeckhauser walionyesha mwaka 1988 kwamba watu hung'ang'ania hali ilivyo kuliko inavyostahili. Sababu zake ni nyingi: hofu ya hasara, uvivu wa kufikiri, kutowaamini wanaouliza, kukinai kadi. Modeli huweka yote hayo kwenye namba moja isiyobadilika inayobandikwa kwenye safu ya sasa. Na hapo ndipo fundo lilipo: kama kila kadi ina safu ya sasa, basi anayeogopa hasara na aliyechoka tu wanatoa majibu yanayofanana sana. Wote wanabaki walipo. Kuwatenganisha kunahitaji kadi ambazo kubaki hakuwezekani, yaani A na B tu, zote zikiwa na kitu kilichobadilika, ili uzito wa hasara uonekane pasipo mlango wa kutokea.

Tumepatana: nusu ya kadi za kila mhojiwa zina safu ya sasa, nusu hazina, na kura inaamua zipi zitangulie. Kila mmoja wetu anaamini ameshinda.

Wiki ya 7

Leo swali limetoka juu: "Tukiandika ripoti, dakika moja ni kiasi gani?" Wanataka namba moja.

Robert Willig aliandika mwaka 1976 kwamba, kwa mabadiliko madogo ya bei, tofauti kati ya anachotoa mtu na anachodai inapaswa kuwa ndogo tu. Halafu vikaja vikombe. Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler mwaka 1990 waliwagawia nusu ya wanafunzi vikombe na kuwaacha wauziane na wenzao. Waliopewa walidai bei ya takriban mara 2 ya ile ambayo wasiopewa walikuwa tayari kutoa, kwa kikombe kilekile kilichokaa mkononi kwa dakika chache. Michael Hanemann mwaka 1991 akaonyesha kuwa pengo kubwa linaweza kutokea hata ndani ya nadharia ya zamani kama kitu hakina mbadala wa karibu. Charles Plott na Kathryn Zeiler mwaka 2005 wakawafundisha washiriki kwanza namna bei zinavyofanya kazi, na pengo likatoweka. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mjadala umefungwa.

Ofisi nyingi hufuata ushauri wa jopo la mwaka 1993 lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, lililoitishwa Marekani baada ya mafuta ya meli ya Exxon Valdez kumwagika mwaka 1989. Jopo lilisema uliza watu wangelipa kiasi gani, usiulize wangedai kiasi gani, kwa kuwa la kwanza ni la tahadhari. Nauelewa ushauri huo. Ila tahadhari kwa nani? Kama mpango unaopimwa utawarefushia watu safari, kuwauliza wangelipa nini ili kuokoa dakika ni kuwapimia msiba wao kwa kipimo cha harusi. Na kama ubao wa wiki ya 4 ni sahihi, tunakuwa tumeukata msiba huo hadi robo.

Wastani wa kijiometria ungenipa namba moja wanayoitaka. Sitaukataa, lakini nimeomba ripoti ibebe namba tatu: ya kutoa, ya kupokea, na ya katikati. Wamesema watafikiria.

Wiki ya 9

Tumeongeza maswali mawili kuhusu rejea: kabla ya hii ya sasa safari yako ilikuwaje, na unatarajia iweje miezi ijayo. Nilifurahi kwa muda wa nusu siku. Kisha nikatambua kwamba kumuuliza mtu anatarajia dakika ngapi ni kumpa namba ambayo pengine hakuwa nayo. Kijana wa nne alikuja na nusu saa yake mwenyewe. Wa tano, nilipomuuliza, alitunga moja palepale, na huenda angeibeba hadi kadi ya mwisho. Kwa hiyo nusu ya wahojiwa wataulizwa kabla ya kadi, nusu baada. Kama machaguo ya makundi hayo mawili yatatofautiana, tutajua swali letu limewapandikizia rejea.

Kingine kilichotolewa: mishale. Mchoraji wa kadi, kwa nia njema, aliweka mshale wa kijani pale safari inapopungua na mwekundu inapoongezeka. Yaani tulikuwa tunamwambia yule mama kwa rangi kwamba 46 ni hasara. Sasa ni namba nyeusi kwenye karatasi nyeupe.

Wiki ya 11

Kabla data haijaingia tumeandika na kutia saini modeli nne tutakazozilinganisha: rejea ni safari ya sasa, rejea ni safari ya zamani, rejea ni matarajio, na ile isiyo na rejea kabisa. Mwenzangu amedai ya tano, ya kiganja, ambapo kila safari inapimwa kwa iliyo jirani yake. Nimeikubali, ingawa nadhani ataijutia itakapofika zamu yake ya kuiandikia programu.

Nimewarudia wahojiwa wangu wa kubuni kwa mara ya mwisho. Safari hii nusu yao niliwasimamisha kwenye safari ya zamani na kuiambia modeli kwamba wote wanasimama kwenye ya sasa. Modeli haikulalamika. Ilitoa uzito wa hasara mdogo kuliko ule niliowapa, na ingenipitia kama nisingekuwa mimi niliyeutia.

Kichwa cha safu tumebishania mpaka jioni. "Safari yako ya sasa" kimeondoka, maana kinamwambia mtu mahali pa kusimama. "Safari yako ya kawaida" kilimkera mmoja wa wahoji: siku hizi nani ana kawaida? Tumechukua "Safari uliyotueleza". Kadi zimetumwa kuchapwa jana saa 10 jioni, na asubuhi hii mwenzangu ameniuliza kama tumekumbuka kuondoa mishale kwenye zile za mafunzo ya wahoji. Hatukukumbuka. Nimempigia mchapaji.